Gololi Mpya, Koni Kuukuu

Fundi baiskeli anayefanya kazi chini ya mwembe au pembeni mwa stendi huletewa ombi lile lile kila siku: "Fundi, nibadilishie gololi." Mteja ndiye mwenye hela, basi fundi hubadili gololi. Wiki chache baadaye gurudumu linarudi, linalia vilevile, na lawama zote zinaangukia duka: gololi za siku hizi hazina kitu. Mara nyingi zinasingiziwa tu. Kilichozimaliza ni koni iliyokwisha ambayo hakuna aliyeitazama, au mkono wa mtu aliyekaza kupita kiasi. Makala haya ni ya mwenye baiskeli anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, na pia ya yule anayependelea kumwachia fundi lakini anataka kujua macho yake ayaweke wapi wakati fundi anafungua.

Kabla hujashika spana, hakikisha kwanza kinacholia ni habu. Kelele za baiskeli hudanganya. Pedali iliyokauka, mnyororo mkavu, hata keria iliyolegea nati huweza kusikika kana kwamba inatoka gurudumuni. Geuza baiskeli miguu juu, shika ringi, isukume kushoto na kulia. Ikicheza na ukasikia mgongano mdogo katikati, ndani kuna nafasi. Kisha zungusha gurudumu polepole huku kiganja cha mkono wa pili kimeishika fremu karibu na ekseli. Kwa gurudumu la mbele, shika uma. Gurudumu zima huzunguka bila mkono wako kuhisi lolote. Lililokwisha hukutumia mtetemo mkavu, wa kukwaruza, na mkono huusikia mapema kuliko sikio. Mwisho, hakikisha breki haigusi ringi, simamisha gurudumu ili valvu iwe usawa wa ekseli, kisha liachie. Habu iliyo sawa huruhusu upande mzito uteremke wenyewe, upite chini, urudi, ubembee mara kadhaa ndipo utulie. Likiganda pale pale ulipoliachia, au likishuka kwa kusitasita, ndani kumekaza au kumeharibika.

Habu yenyewe si fumbo. Kwenye baiskeli za kazi, hizi Phoenix na Hero zinazobeba mkaa, madumu ya maji na abiria kuanzia Shinyanga hadi Kisumu, ndani mna ekseli isiyozunguka, koni mbili zilizofungwa juu ya uzi wa ekseli hiyo, vikombe viwili vilivyogandamizwa ndani ya habu, na gololi zinazokimbia kati ya koni na kikombe. Habu na vikombe vyake huzunguka. Ekseli na koni hubaki palepale. Hapo ndipo penye siri ya uchakavu wote. Kwa kuwa kikombe kinazunguka, kila sehemu yake hubeba mzigo kwa zamu. Koni haina zamu. Uzito wa mpandaji na wa gunia lake hushuka kupitia ekseli na kutua upande wa chini wa koni, saa zote, miaka yote, mahali palepale. Ndiyo maana ukifungua habu ya zamani utakuta koni imeliwa upande mmoja tu, na upande wa pili unang'aa kama ya dukani. Na ndiyo maana kubadili gololi peke yake ni kutupa hela: gololi mpya iliyo laini, ikipita juu ya vishimo maelfu ya mara kwa safari moja, itachubuka kabla masika hayajaisha.

Kwa hiyo nenda dukani na shabaha ya kununua gololi na koni pamoja. Koni za baiskeli za kawaida hazina bei ya kutisha, na hata ukikuta zako bado nzima, zilizobaki zitasubiri zamu yao kwenye kopo. Chukua ile ya zamani mkononi uilinganishe na mpya: uzi uwe ule ule, urefu uwe ule ule, na mteremko wa njia ya gololi ufanane. Ekseli ya mbele na ya nyuma hazina unene mmoja. Kwenye baiskeli nyingi za mtindo huu ya mbele ni inchi 5/16 na ya nyuma ni 3/8, basi usikubali kuambiwa "zote zinaingia."

Gololi nazo zina saizi. Habu ya mbele kwa kawaida huchukua gololi za inchi 3/16, kumi kila upande. Ya nyuma huchukua za robo inchi, tisa kila upande. Nasema kwa kawaida kwa sababu zipo habu za mbele zinazotumia 7/32, na hiyo ndiyo saizi inayoleta balaa, kwani tofauti yake na robo inchi haifiki hata milimita moja na kwa macho ya jioni huioni. Beba gololi mbili tatu za zamani, zipange juu ya meza ya muuza duka pamoja na mpya, halafu lalisha rula juu yake. Rula ikiinama, saizi si moja. Na usinunue za kujazia pengo tu. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya, ambazo ni kubwa kwa kiasi kisichoonekana, ndizo zitakazobeba mzigo wote huku wenzao wakipanda bure. Zitupe kuukuu zote, weka mpya zote.

Bei za gololi hutofautiana, na wengi huona ni wizi kwa kuwa zote ni duara na zote zinang'aa. Umviringo kamili ndio ulio ghali. Mjini Paris mwaka 1869 fundi baiskeli Jules Suriray alipewa hataza ya kutumia gololi kwenye magurudumu, na wazo lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni njia ya kutengeneza gololi nyingi zilizo sawasawa. Njia hiyo ilikuja na Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, aliyeunda mwaka 1883 mashine ya kusaga tufe za chuma kigumu hadi zote zikawa za kipimo kimoja. Mji ule mpaka leo unaishi kwa beringi. Unapolipa zaidi kidogo kwa pakiti yenye saizi iliyoandikwa, badala ya zile zilizomwagwa kwenye sahani pamoja na misumari, unalipia usawa huo.

Vifaa havizidi vya kawaida: spana ya nati za ekseli, mara nyingi namba 14 au 15, tambara, mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, grisi, na spana nyembamba ya koni. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huikimbia. Mahali pa kushikia koni ni pembamba, spana ya kawaida haiingii, basi watu hushika kwa koleo wakaing'ata koni mpaka haishikiki tena. Mafundi wengi huchukua spana kuukuu wakaisaga kwenye jiwe la kusagia hadi iwe nyembamba, na hiyo inatosha kabisa. Tandika kitambaa cheupe au sinia chini kabla hujafungua. Gololi iliyoangukia kwenye mchanga huwa imeshapotea.

Gurudumu likishatoka, fungulia upande mmoja tu. Kwa gurudumu la nyuma, fungulia upande wa kushoto, usio na frihwili. Shika koni kwa spana nyembamba, legeza nati ya kufungia iliyo nje yake, toa nati, toa washa, kisha ifungue koni. Panga kila kitu kwenye sinia kwa mpangilio kilivyotoka. Kabla hujachomoa ekseli, pima kwa rula ni kiasi gani imetokeza upande wa pili, maana utahitaji kuirudisha vilevile ili gurudumu likae katikati ya fremu. Sasa lilaze gurudumu, chomoa ekseli taratibu kwa upande ule ambao haujaguswa, huku tambara likisubiri chini. Gololi za upande wa mnyororo zimejificha nyuma ya frihwili, lakini kwa baiskeli nyingi za kazi hulazimiki kuitoa frihwili. Tundu lake linatosha kupitisha ekseli na koni yake, na gololi utazichokoa kwa bisibisi ndogo au sumaku ya spika iliyoharibika. Zihesabu. Ukikuta nane upande mmoja na tisa mwingine, kuna mtu alishapita hapo akapoteza moja na kunyamaza.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, kisha ukaushe. Usianze kuhukumu kitu chenye grisi juu yake, kwa sababu grisi huficha kila dhambi. Ikishakuwa safi, ipeleke koni kwenye mwanga wa jua na uizungushe polepole. Njia ya gololi inatakiwa kuwa mstari mmoja laini unaorudisha mwanga bila kukatika. Mstari mpana uliofifia ni uchakavu wa kawaida, na hiyo koni ina maisha bado. Unachotafuta ni vidonda: vishimo vidogo vyeusi, vingine ukubwa wa ncha ya sindano, vingine vimeungana vikawa kipande kilichobanduka. Macho yakikosa uhakika, chukua kalamu ya Bic, telezesha ncha yake juu ya njia hiyo bila kukandamiza. Juu ya koni nzima ncha huteleza. Juu ya koni iliyokwisha hukwama, ikaruka, ikakwama tena, na mkono unasikia hata kile ambacho jicho limekikosa. Fanya vivyo hivyo ndani ya vikombe vyote viwili. Vilevile bingirisha ekseli juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikirukaruka imepinda, na ekseli iliyopinda itamaliza gololi yoyote utakayoiwekea, hata kama umeiagiza Ulaya.

Koni yenye vidonda haina dawa. Wapo wanaoisugua kwa msasa ikang'aa, lakini ugumu wa koni uko kwenye ngozi yake ya juu. Ukiisugua umeondoa ile sehemu iliyofaa na kubakiza chuma laini. Kama uko mbali na duka na lazima kesho ufike sokoni, ipo njia ya kusogeza siku: unaporudisha gurudumu, igeuze ekseli nusu mzunguko ili upande mzima wa koni ndio uangalie chini. Itakupeleka wiki kadhaa. Andika mahali kwamba ni deni.

Kikombe kilichokwisha ni habari nyingine. Kwenye baadhi ya habu kinaweza kupigwa kutoka upande wa pili na kuwekwa kipya, ukikipata dukani. Ukikikosa unabadili habu nzima, yaani kufumua gurudumu na kulifuma upya, spoki 32 mbele au 40 nyuma kwa baiskeli za mtindo huu, pamoja na kulinyoosha. Kazi hiyo mpelekee fundi unayemwamini na umlipe vizuri, kwa sababu ni kazi ya nusu siku. Mtu anayeona bei ya koni mbili ni kubwa aiweke kando ya bei hii.

Kurudisha ni rahisi kuliko kufungua. Jaza kikombe grisi, si kupaka, kujaza, kisha zamisha gololi moja moja ndani yake. Grisi itazishika zisidondoke. Zikishaingia zote hubaki pengo dogo, karibu nafasi ya gololi moja au pungufu. Hilo pengo liache. Mwenye kulazimisha gololi ya kumi pale penye tisa hufanya zisuguane zenyewe kwa zenyewe badala ya kubingirika. Kama habu yako ilikuja na gololi zilizoshikwa kwenye kizimba cha bati, unaweza kukitupa kizimba ukaweka gololi huru za saizi ile ile. Zitaingia nyingi zaidi na mzigo utagawanyika vizuri. Grisi ya magari ya kawaida inafaa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai, japo ni ya bure: imebeba masizi na unga wa chuma, na ni nyepesi, hivyo huosha grisi na kukimbia kupitia spoki. Habu nyingine za zamani zina kitundu cha mafuta katikati, kimefunikwa kwa kibati. Hizo zilipangwa kupewa mafuta safi ya mashine mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka.

Sasa tumefika mahali ambapo kazi hufa au hupona, nako ni kukaza. Rudisha ekseli kwa urefu uliopima, funga koni kwa vidole mpaka iguse gololi na uhisi nafasi imekwisha. Irudishe nyuma kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko. Weka washa, weka nati. Sasa ishike koni isitembee kwa spana nyembamba, na kwa spana ya pili kaza nati dhidi yake. Hapa wengi huzungusha vyote viwili pamoja, na koni hujikaza ndani bila wao kujua. Ukimaliza, shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ukihisi vinundu, vidogo hata vipi, umekaza mno. Itikise juu na chini. Ikigonga, bado imelegea. Legeza, rekebisha kwa kiasi cha unywele, kaza tena, jaribu tena. Usione aibu kurudia mara nne au tano, hata mafundi wazoefu hurudia, kwa sababu kule kukaza nati kwenyewe huisukuma koni kidogo na kuharibu kipimo ulichokwisha kukipata.

Ukiwa katikati ya kukaza mno na kulegea kidogo, nakushauri ulegee kidogo. Gurudumu lililolegea hujitangaza kwa kelele na unaweza kulirekebisha. Lililokazwa mno halisemi kitu, linakuwa zito tu, unadhani ni upepo wa mbele au uchovu wa mwili, na kumbe koni inaliwa kila kilomita. Kwa magurudumu yanayofungwa kwa kishikio cha haraka, acha makusudi nafasi ndogo sana ukiwa mezani, maana kishikio kikibanwa huiminya ekseli na nafasi ile hutoweka. Na kuna baiskeli za mtindo wa Kiingereza ambazo gurudumu lake la mbele halina nati ya kufungia kabisa. Koni inabanwa na uma wenyewe. Hiyo ipimie ikiwa imeshaingia kwenye uma, nati za nje zikiwa nusu zimekazwa, na uipime tena baada ya kuzikaza.

Wenye baiskeli za kisasa za milimani, au mitumba iliyoshuka na meli kutoka Japani na Ulaya, huenda wakafungua wasikute koni wala vikombe bali beringi nzima za kufungwa. Hizo hazirekebishwi, hubadilishwa, na jambo jema ni kwamba namba imechapwa ubavuni. Ya 6001, kwa mfano, ina tundu la milimita 12, upana wa nje 28 na unene 8, popote ilikotengenezwa. Andika namba hiyo, nenda duka la beringi badala ya duka la baiskeli, utaikuta, pengine kwa bei nafuu. Chagua yenye alama ya 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Zenye vifuniko vya bati, ZZ, hazizuii maji kwa kiwango hicho. Ya zamani ipige kutoka ndani kwa kuzunguka, pigo hapa, pigo upande wa pili, isije ikakwama mshazari. Mpya iingize kwa kusukuma duara la nje peke yake, ukitumia soketi au beringi ya zamani iliyo na upana ule ule. Ukigonga duara la ndani, nguvu yote ya nyundo hupita kwenye gololi na kuchora alama kwenye njia zake, nawe utakuwa umeiua beringi kabla haijaona barabara. Kama inagoma, mwagia habu ya alumini maji ya moto ipanuke kidogo. Usisahau kibomba kinachokaa kati ya beringi mbili. Bila hicho zinabanana kila unapokaza.

Maji ndiyo adui mkubwa kuliko mzigo. Ukivuka mto hadi habu ikazama, fungua wiki hiyohiyo, usingoje ilie. Ukipeleka baiskeli kwenye sehemu ya kuoshea magari, mwambie kijana asielekeze mpira wa maji ya kasi kwenye ekseli, kwa sababu huingiza mchanga mahali ambapo vumbi la barabarani lisingefika. Tanga, Pemba na pwani nzima, chumvi huingia hata bila maji. Huko kubadilisha grisi kabla ya masika na baada yake si kujitesa. Mwenye baiskeli ya kwendea ofisini bara anaweza kukaa mwaka. Anayebeba abiria au magunia kila siku asikae.

Gurudumu likirudi mahali pake, vuta la nyuma hadi mnyororo uwe na ulegevu wa kama sentimita moja na nusu katikati, hakikisha ringi iko katikati ya fremu, kisha kaza nati pande zote mbili kwa kupokezana. Endesha siku mbili tatu, kisha rudi na spana. Gololi mpya zikishatafuta nafasi yake, karibu kila mara koni huhitaji kusogezwa kidogo tena, na asiyerudi kuisogeza ndiye anayerudi dukani.